Potali ya mgonjwa ikifunguliwa, nani anasoma meseji? Madaktari, manesi, maabara, famasia na watu wa mifumo tukutane hapa

JaladaWazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Uzi huu ni wa wahudumu wa afya na wanaoendesha potali za wagonjwa. Nikisema potali nina maana ya ule ukurasa wa intaneti au programu ya simu ambamo mgonjwa anaingia kwa neno lake la siri, anaona majibu ya vipimo, orodha ya dawa na maelezo aliyoandika daktari, anaomba dawa za kuendelea, anatuma meseji, na anajaza mwenyewe presha, sukari au uzito alioupima nyumbani.

Kila potali inapoletwa na wahudumu wakasita, utasikia "hawa hawataki mabadiliko". Mimi sikubali. Ukizisikiliza hoja zao moja moja utakuta karibu zote ni za kazi: nani atasoma, atasoma saa ngapi, muda huo unatoka wapi, na jambo likipita bila kuonekana nani atabeba lawama. Maswali hayo yana majibu, ila yanatakiwa yajibiwe kabla potali haijafunguliwa. Yakiachwa, nesi anayekuta meseji 40 Jumatatu asubuhi hatamshawishi mgonjwa yeyote ajiunge. Na potali hufia hapo, kwa sababu neno la mhudumu, "jiunge, majibu yako utayaona humo", linaingiza wagonjwa wengi kuliko bango lolote la ukutani.

Hofu zenyewe si mpya na zimeshapimwa. Mwaka 2010 Marekani walianza jaribio la OpenNotes katika vituo vya Boston, Seattle na Pennsylvania: madaktari 105 wa huduma za msingi waliwafungulia wagonjwa zaidi ya 13,000 maelezo yao kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2012. Wagonjwa waliosema maelezo yaliwatia wasiwasi, yaliwachanganya au yaliwaudhi walikuwa kati ya 1% na 8%, kutegemea kituo. Madaktari waliosema wanatumia muda zaidi kujibu maswali nje ya miadi hawakuzidi 8%. Waliosema kuandika kunawachukua muda mrefu kuliko zamani walifika hadi 21% katika kituo kimoja. Mwaka ulipoisha, hakuna daktari hata mmoja aliyeamua kufunga. Uppsala, Sweden, madaktari wengi walipinga waziwazi majalada yalipofunguliwa 2012, na kufikia 2018 mikoa yote ya nchi ile ilikuwa imeingia.

Naomba tuingie ndani: mpangilio gani hasa unamfanya mhudumu aamini potali, na upi unamfukuza?

DoktaWaWodi

Jalada, nakuheshimu, ila takwimu hizo zina tundu. Madaktari wale 105 walijitolea, asiyetaka hakuwemo. Pia jaribio lilihusu mgonjwa kusoma, na kinachotumaliza leo ni mgonjwa kuandika. Takwimu za matumizi ya mifumo ya majalada ya kompyuta huko huko Marekani zilionyesha kwamba wakati wa janga la UVIKO-19 meseji za wagonjwa zilipanda hadi 157% ya wastani wa kabla ya janga, na kila meseji ya ziada ikaendana na kama dakika 2.3 zaidi za kukaa kwenye mfumo siku hiyo. Piga hesabu: meseji 30 ni zaidi ya saa nzima. Saa hiyo haimo kwenye ratiba. Kazi isiyo na saa yake kwenye ratiba inafanywa saa ya kulala, na jibu la saa sita usiku ndilo lenye makosa.

Kuna na suala la sheria ambalo watetezi wa potali hawapendi kuligusa. Simu isiyopokelewa haina ushahidi wa maudhui. Meseji isiyosomwa ina tarehe, saa na maneno kamili ya mgonjwa. Daktari anaposita anajua anachokiona.

NesiKiongozi

Dokta, hapo kwenye saa una haki kabisa. Dawa yake ni kwamba meseji isiende kwa daktari moja kwa moja. Nitaeleza hatua kwa hatua maana hapa ndipo watu wengi hukosea.

Kabla mgonjwa hajaandika, achague sababu: dawa za kuendelea, kuelewa majibu ya kipimo, miadi, cheti au barua, dalili mpya, mengineyo. Sababu sita zinatosha. Ukiweka kumi na tano kila mtu atachagua "mengineyo". Miadi na vyeti viende mapokezi, dawa za kuendelea famasia, majibu na dalili viende kwenye kikasha cha pamoja cha manesi. Kikasha kiwe cha timu, kisiwe cha mtu. Kikiwa cha mtu, akienda likizo meseji zinakaa humo siku 14 na mfumo unaonyesha "imepokelewa", kwa hiyo mgonjwa naye anatulia akidhani anashughulikiwa.

Nesi wa zamu anasoma meseji mpaka mwisho ndipo anaipangia. Nasisitiza kwa sababu wagonjwa huandika kama wanavyoongea: mistari mitatu ya kuomba dawa za presha, salamu, na mstari wa mwisho "halafu tangu juzi nikipanda ngazi kifua kinabana". Aliyesoma mstari wa kwanza tu ataituma famasia, na famasia itatoa dawa. Hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote kwenye kikasha, na halizuiliwi na mfumo, linazuiliwa na kanuni ya kusoma hadi nukta ya mwisho.

Baada ya hapo nesi ana njia tatu. Anajibu mwenyewe kwa mwongozo ulioandikwa na kusainiwa na daktari. Au anampigia mgonjwa simu, na kipimo changu ni hiki: mkishaandikiana mara mbili hamjaelewana, acha kuandika, piga simu. Au anaipeleka kwa daktari, ila haipeleki tupu. Anaweka muhtasari wa mistari miwili, kipimo cha mwisho kinachohusika, na swali lenyewe: "Aongezewe dozi au aje?" Daktari akiletewa swali la namna hiyo anajibu kwa sentensi moja.

Na saa ziandikwe kwenye ratiba kwa jina. Nusu saa asubuhi, nusu saa alasiri, na katika nusu saa hizo hapangiwi mgonjwa wa ana kwa ana. Potali isipopewa muda huo, wahudumu wataichukia na hawatakuwa wamekosea.

DoktaWaWodi

Nesi, ukija na mpangilio huo mimi nasaini leo. Lakini dharura je? Mtu anaandika saa tisa usiku.

NesiKiongozi

Onyo la dharura liwe juu ya kisanduku cha kuandikia, lionekane kabla hajagusa herufi ya kwanza. Potali nyingi huliweka chini ya kitufe cha kutuma, mahali ambapo jicho halifiki. Liwe fupi na litaje dalili kwa majina ya kawaida: kifua kubana, kushindwa kupumua, uso au mkono kulegea ghafla upande mmoja, damu nyingi, mawazo ya kujidhuru. Liseme: "Usiandike hapa. Piga namba ya dharura au nenda hospitali sasa." Usiandike "hali za dharura" peke yake, mgonjwa hajui kama hali yake ni ya dharura, ndiyo maana anauliza.

Pia mfumo ujibu papo hapo ukitaja muda kwa uhakika: "Ujumbe wako utasomwa saa za kazi, utajibiwa ndani ya siku 2 za kazi." Ahadi ya siku 2 inayotimizwa inapunguza meseji za "mmepata ujumbe wangu?" Ukisema "mapema iwezekanavyo" utaletewa meseji ileile mara tatu.

MaabaraChini

Naomba kuongezea upande wa vipimo, maana lawama nyingi za "potali inatisha wagonjwa" zinaanzia kwetu.

Kiwango cha kawaida cha vipimo vingi kimewekwa kwa kuchukua watu wenye afya na kubakisha 95% ya katikati. Maana yake mtu mwenye afya kamili ana nafasi ya 5% ya kutoka nje ya mstari kwenye kipimo kimoja. Mpime vitu 20 visivyohusiana, nafasi ya angalau kimoja kutoka nje inafika karibu 64%. Sasa potali inachukua hicho kimoja inakipaka rangi nyekundu na mshale. Mgonjwa aliyezidi kwa desimali moja anaona nyekundu ileile ya aliyezidi mara nne. Kisha daktari anapata meseji, na anasema potali ndiyo tatizo. Tatizo ni rangi. Tumieni mstari wenye alama inayoonyesha umbali kutoka kwenye kiwango, na nyekundu ibaki kwa thamani zinazohitaji hatua.

La pili ni maoni ya maabara kupotea njiani. Mfano: potasiamu 6.1 mmol/L. Kwenye mfumo wetu tumeandika pembeni "sampuli imepasuka chembe, rudia". Chembe nyekundu zikipasuka kwenye chupa humwaga potasiamu, kwa hiyo namba inapanda bila mgonjwa kuwa na shida. Potali inavuta namba na kuacha maoni, kwa sababu aliyeunganisha mifumo alichukua safu ya thamani tu. Mgonjwa anasoma mtandaoni kwamba 6.1 inaweza kusimamisha moyo. Kabla ya kufungua potali, chukueni majibu 20 yenye maoni, fungueni upande wa mgonjwa, muone kama maoni yanafika. Kazi ya alasiri moja.

La tatu: thamani za hatari, yaani majibu yanayohitaji hatua ya haraka, hazitolewi taarifa kupitia potali. Zinapigiwa simu kwa mhudumu aliyeomba kipimo, anarudia namba aliyoisikia, tunaandika jina na saa. Potali isiguse utaratibu huo kabisa.

JaladaWazi

Hapo kwenye majibu kuna swali la lini yafunguliwe. Marekani, kanuni zilizotokana na sheria ya 2016 zilianza kutumika Aprili 2021, na majibu yakawa yanatoka mara tu yanapokamilika, mara nyingi kabla daktari hajayaona. Madaktari wengi walikuwa na hofu. Wagonjwa zaidi ya 8,000 wa vituo vinne vikubwa walipoulizwa, zaidi ya 95% walisema wanataka kuendelea kuyaona mara moja. Wale waliopata majibu yasiyo ya kawaida walikuwa na wasiwasi zaidi, na bado wengi wao walitaka hivyohivyo. Daktari na mgonjwa wanapima vitu viwili tofauti: mmoja anapima uchungu wa habari, mwingine anapima uchungu wa kusubiri.

Kinachosaidia ni mazungumzo ya dakika moja wakati wa kuomba kipimo. "Majibu yatatokea kwenye potali yako ndani ya siku tatu hadi tano. Yanaweza kuonyesha uvimbe wa kawaida au saratani. Unaweza kuyafungua mwenyewe au kusubiri tuyasome pamoja Alhamisi. Unapendelea lipi?" Kisha chaguo lake linaandikwa na miadi inawekwa hapohapo. Kwa majibu ya kinyama kilichokatwa mwilini ili kichunguzwe na vipimo vya magonjwa ya kurithi hili lisirukwe hata siku moja.

NafsiNaMwili

Mimi naongelea afya ya akili, ambako kusita ni kukubwa kuliko idara nyingine, na nadhani kwa sababu halali. Maelezo yetu yana maneno ya watu wengine, yana dhana ambazo hazijathibitishwa, na mgonjwa anaweza kuyasoma akiwa peke yake usiku.

Lakini kufunga kila kitu si jibu. Sehemu kubwa ya madhara inatokana na lugha ya kikazi tuliyoizoea bila kuifikiria. Tazameni:

"Anakana kutumia pombe." Neno "kukana" ni la mahakamani. Andika: "Anasema hatumii pombe."

"Anadai ana maumivu." Andika: "Ana maumivu, anayapa 7 kati ya 10."

"Hafuati masharti ya dawa." Andika: "Wiki iliyopita alimeza dozi 4 kati ya 7. Anasema zinamtia kichefuchefu asubuhi."

"Mnene kupindukia." Andika: "Kilo 104, urefu sm 168."

Angalieni mfano wa tatu vizuri. Sentensi mpya ni ndefu kidogo, lakini inamwambia mhudumu anayefuata cha kufanya: hamisha dozi iende usiku au badilisha dawa. Ile ya kwanza haikumwambia kitu. Kwa hiyo wanaosema kuandika kwa ajili ya macho ya mgonjwa kunaharibu maelezo ya kitabibu, mimi naona mara nyingi kunayaboresha. Pale ambapo kweli kunaharibu ni kwenye dhana za ugonjwa. Daktari anayeogopa kuandika "nafikiria uwezekano wa saratani" kwa sababu mgonjwa ataona, anamnyima daktari wa zamu inayofuata taarifa muhimu. Suluhisho ni kumwambia mgonjwa kwa mdomo kwanza, kisha kuandika. Kisichosemwa mbele ya mgonjwa kisije kumshtua kwenye skrini.

Taarifa kutoka kwa ndugu ziwe na sehemu yake iliyofichwa kwa msingi, si kwa kukumbuka. Dada mtu akipiga simu kusema mgonjwa ameanza tena kunywa, maneno hayo yakitokea kwenye potali ugomvi wa nyumbani umeanzishwa na hospitali.

Na hili la mwisho: taarifa inayotokea kwenye skrini ya simu iliyofungwa iseme "Una ujumbe mpya" na isiongeze neno. Isitaje kliniki, kipimo wala dawa. Simu nyingi zinashikwa na watu wawili au watatu. Wakati wa kumwandikisha, muulize akiwa peke yake: "Kuna mtu mwingine anayejua neno lako la siri la simu?" Akisema ndiyo, mweleze atakachokiona mtu huyo, umwache aamue. Vijana wanaoingia utu uzima nao wanasahaulika: akaunti ya mzazi inaendelea kuona kila kitu mpaka mtu aizime kwa mkono. Tarehe ya kuzimika iwekwe siku akaunti inapofunguliwa, kwa umri ambao sheria ya nchi inataja.

MfamasiaK

Orodha ya dawa. Nitasema kwa kifupi ingawa ninaijali sana.

Orodha ya kwenye mfumo mara nyingi ni makaburi. Ina dawa ya siku 5 iliyoisha mwaka jana, dawa moja mara mbili, mara moja kwa jina la kiwanda na mara nyingine kwa jina la kitabibu, na dozi ya zamani juu ya dozi mpya. Mhudumu anaijua hali hiyo, anaruka kwa macho. Mgonjwa anaichukulia kama amri. Anayeona jina la kiwanda na jina la kitabibu anaweza kumeza zote mbili. Kwa hiyo kabla ya kufungua sehemu ya dawa, safisheni: kila dawa ya muda iwe na tarehe ya mwisho inayojizima, na mgonjwa apitiwe orodha yake miadi ya kwanza baada ya kufunguliwa.

Baada ya hapo mpeni kitufe cha "situmii tena" na "natumia tofauti". Utafiti uliotolewa 2020 wa wagonjwa zaidi ya 22,000 waliosoma maelezo yao ulikuta mmoja kati ya watano aliona kosa, na zaidi ya 40% ya walioona kosa walisema ni kubwa. Hayo ni macho ya ziada ya kukagua, tena bila mshahara. Ila wekeni utaratibu: ombi la kusahihisha linakwenda kwa mtu mwenye jina, anakagua ndani ya siku za kazi zilizotajwa, maandishi ya mwanzo hayafutwi, nyongeza inaandikwa chini yake ikiwa na tarehe, na mgonjwa anajibiwa hata kama ombi limekataliwa.

Mtarajali

Samahani wakubwa, mimi bado najifunza. Namba za nyumbani je? Daktari wetu anasema hazitumii kwa kuwa "hazina uhakika".

NesiKiongozi

Mdogo wangu, hazina uhakika kama hakuna aliyefundisha kupima. Chukua presha. Mgonjwa akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya nguo. Nusu saa kabla asivute sigara wala kunywa kahawa. Apime mara mbili kwa kuachana dakika 1, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Siku ya kwanza itupwe, zilizobaki zitafutiwe wastani. Wastani wa nyumbani unasomwa kwa mpaka wa 135/85, si 140/90 wa kliniki. Daktari akisoma wa nyumbani kwa mpaka wa kliniki atawaacha wagonjwa ambao walihitaji tiba.

Mkanda ndio unaodanganya zaidi. Mkanda wa kawaida mara nyingi ni wa mkono wenye mzingo wa sm 22 hadi 32. Mwenye mkono wa sm 36 akiuvaa huo, namba inapanda bila sababu. Pima mkono wake kwa utepe siku ya kuandikishwa na uandike kwenye jalada.

Sasa upande wa potali. Kama inampa daktari namba 28 zikiwa zimepangwa wima, hatazisoma, na simlaumu. Potali itupe siku ya kwanza yenyewe, itoe wastani mmoja, ioneshe idadi ya vipimo vilivyoingia. "Wastani 142/88, vipimo 22 kati ya 24." Hiyo anaitumia. Ikiwa vipimo vyote vinaishia na sifuri, 130/80, 140/90, 130/80, ujue mgonjwa anakadiria, na hapo ni kumfundisha upya.

MtuWaMfumo

Nakazia alichosema Nesi. Makosa ya kujaza yanazuilika kwenye fomu yenyewe. Visanduku viwili vya presha viandikwe "namba ya juu" na "namba ya chini", na fomu ikatae kama ya chini ni kubwa kuliko ya juu. Sukari iwe na kipimo kilichoandikwa pembeni kwa herufi kubwa, maana kuna mashine za mmol/L na za mg/dL, na tofauti ni mara 18: 7.0 upande mmoja ni 126 upande mwingine. Mtu akijaza 126 kwenye kisanduku cha mmol/L, fomu imuulize "Mashine yako inaandika mg/dL?" badala ya kumwambia "kosa". Na iulize kama ni kabla ya kula au baada, bila hivyo namba haina maana.

Tahadhari za mfumo ziwe chache. Kwa wagonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu, kuongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 ni tahadhari inayostahili kumwamsha nesi. Ila tahadhari ikienda mahali pasipo na mtu usiku, mwambieni mgonjwa waziwazi: "Namba hizi hazitazamwi usiku wala mwisho wa wiki." Anayeamini anatazamwa, na hatazamwi, yuko hatarini kuliko asiye na potali.

Jambo moja ambalo halina gharama na linabadilisha mtazamo wa wahudumu haraka: mtengenezeeni kila mhudumu akaunti ya mgonjwa wa kubuni. Wengi wanaoponda potali, na wengi wanaoisifia, hawajawahi kuona upande wa mgonjwa. Wapeni kazi ya dakika 15: ingia, tafuta jibu la kipimo, tuma meseji, omba dawa, jaribu kubadilisha neno la siri. Baada ya hapo wanajua cha kumwambia mgonjwa, na wanaleta orodha ya kasoro yenye maana.

Suala la nani ameona jalada nalo linajenga imani. Estonia mgonjwa anaona kumbukumbu ya kila aliyefungua taarifa zake. Wahudumu wengine huona hilo kama kupelelezwa. Nadhani linamlinda mwaminifu, kwa sababu anayetuhumiwa kuchungulia ana ushahidi wa saa na mahali.

Mtarajali

Nimeelewa, shukrani. Je, zile programu za akili bandia zinazoandika rasimu ya majibu, si zitamaliza tatizo la Dokta?

DoktaWaWodi

Kijana, usizitegemee kwa muda. Utafiti wa 2024 kutoka San Diego, Marekani, ulikuta madaktari wenye rasimu walitumia muda mrefu zaidi kusoma, muda wa kujibu haukupungua, na majibu yakawa marefu. Rasimu inasaidia kuanza na inaweza kulainisha lugha. Lakini lazima usome kila neno, kwa sababu jina chini ya jibu ni lako.

Na hili la wagonjwa wasio na simu nzuri au wasiosoma vizuri, halijaguswa. Potali ikija, mara utasikia namba ya simu ya kliniki imeondolewa "kwa kuwa sasa kuna potali". Hapo anayehitaji zaidi ndiye anayefungiwa nje. Mimi nikipinga potali, nusu ya upinzani wangu ni huo.

JaladaWazi

Dokta, uko sahihi na hilo liandikwe kwenye makubaliano ya kuanzisha: simu na dirisha la mapokezi havipunguzwi. Uandikishaji ufanyike ana kwa ana, dawatini, mgonjwa akiwa na simu yake mkononi. Hatua ni nne: kuthibitisha utambulisho, kufungua akaunti, kuingia mara ya kwanza mbele ya mhudumu, na kufungua jibu moja la kipimo pamoja naye. Ile hatua ya nne huachwa kwa haraka, na aliyeachwa bila hiyo mara nyingi haingii tena. Asiyeweza mwenyewe achague mtu wa kumsaidia na apewe akaunti ya msaidizi yenye jina lake, asigawe neno lake la siri.

Mtarajali, kama unataka kupima mtazamo wa wahudumu kwa ajili ya masomo yako, usiulize "unaikubali potali?" Jibu litakuwa la kati tu. Mtu mmoja anaweza kukubali sana miadi na dawa, kukubali majibu ya vipimo, kusita kwa maelezo kamili, na kukataa meseji. Uliza kila kazi peke yake, gawa kwa kada, uliza kabla ya kufungua na uliza tena baada ya miezi 6. Pembeni hesabu vitu vinavyohesabika: meseji kwa kila wagonjwa 100 walioandikishwa, saa hadi jibu la kwanza, meseji zilizofungwa bila kumfikia daktari, majibu yaliyoandikwa nje ya saa za kazi. Kipimo hicho cha mwisho kikipanda, mtazamo utashuka hata dodoso lisemeje.

DoktaWaWodi

Na kikipanda kifanyike nini? Niambieni kabla sijaondoka.

NesiKiongozi

Wekeni kikomo mapema, wakati hakuna anayegombana. Kwa mfano: meseji zilizopita siku 2 za kazi bila kujibiwa zikizidi 10 kwa wiki mbili mfululizo, uandikishaji wa wagonjwa wapya unasimama mpaka nusu saa ya tatu iongezwe kwenye ratiba au nesi wa pili aingizwe kwenye kikasha. Walioandikishwa wanaendelea kama kawaida. Kikomo kisainiwe na mganga mfawidhi, kibandikwe chumba cha manesi, na hesabu isomwe kila Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi pamoja na idadi ya vitanda.